Deni la jengo la shule limekwisha: mwongozo kuanzia marejesho ya mwisho hadi siku ya sherehe

Shule nyingi zisizo za serikali nchini Tanzania zimejengwa kwa ada, kwa michango ya wazazi na waumini, na kwa mkopo wa benki uliowekewa rehani kiwanja kilekile ambacho madarasa yamesimama juu yake. Mkopo huo unapomalizika, wazazi waliochangia mifuko ya saruji, walimu waliovumilia mishahara kuchelewa na watoto waliosoma chini ya turubai wana kila sababu ya kushangilia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya bodi na kamati za shule hizo, na unahusu kipindi kilichopo kati ya marejesho ya mwisho na sherehe yenyewe, kipindi ambacho kwa uzoefu wangu ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi.

Nilikuwa katibu wa bodi ya shule moja iliyochinja ng'ombe wawili, ikaalika viongozi wa wilaya na kuimba hadi jioni wiki tatu tu baada ya kulipa shilingi ya mwisho. Mwaka uliofuata tulipotaka kuongeza jengo la maabara, upekuzi katika daftari la ardhi ulionyesha kwamba kiwanja chetu bado kilikuwa chini ya rehani, kwa sababu hakuna mtu yeyote, si sisi wala benki, aliyepeleka hati ya kuiondoa kwa Msajili wa Hati. Deni lilikuwa limekwisha katika vitabu vya benki, lakini katika daftari la Serikali lilikuwa hai kama siku lilipoandikwa. Ilituchukua miezi mingi kulisafisha, maana tawi lililotukopesha lilikuwa limebadilisha meneja na jalada letu lilikuwa limehamishiwa makao makuu. Kwa hiyo ushauri wangu wa msingi ni huu: tarehe ya sherehe isipangwe mpaka daftari limesomwa upya na kuonekana safi.

Kabla ya kuanza: mnachosherehekea ni nini hasa

Maneno "jengo sasa ni letu" yanahitaji kueleweka vizuri na wale watakaoyatamka jukwaani. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachokuwa nacho mwenye hati miliki ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi hiyo kwa muda uliotajwa, ambao kwa kawaida huwa miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya hati yenyewe. Sheria hiyohiyo inahesabu majengo yaliyojengwa kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi, na ndiyo maana hakuna hati ya jengo peke yake isiyoambatana na kiwanja, isipokuwa pale ambapo shule imenunua sehemu ya jengo la ghorofa chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Umiliki kamili kwa maana ya mwongozo huu ni kuwa na haki hiyo kwa jina sahihi, isiyo na rehani, zuio wala deni la kodi, na yenye miaka ya kutosha mbele yake. Kama hati yenu ilikuwa ya miaka 33 na imebakiza saba, mnayo kazi nyingine ya kuanza mapema.

Shule za serikali ziko katika hali tofauti, kwa kuwa majengo yake husimamiwa na halmashauri, na wazazi waliojenga madarasa kwa michango yao hawawi wamiliki kwa sababu hiyo. Wanaweza kufanya sherehe ya kukabidhi jengo, nayo ni sherehe nzuri, lakini hatua nyingi zilizo hapa chini haziwahusu. Zanzibar nako kuna sheria zake za ardhi, hivyo msomaji wa huko achukue mwelekeo tu na si taratibu.

Hatua ya kwanza: someni jina lililo kwenye hati

Jambo la kwanza kufanya, ikiwezekana miezi sita kabla ya marejesho ya mwisho, ni kupata nakala ya hati miliki na kulisoma jina la mmiliki herufi kwa herufi. Shule si mtu wala kampuni, na kwa kawaida haiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake tu. Mmiliki huwa ni kampuni, au wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, msikiti, taasisi au chama kilichoianzisha. Wadhamini hao husajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318, chini ya Kabidhi Wasii Mkuu katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA.

Hapa ndipo huibuka mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Kuna shule ambazo hati yake iko kwa jina la mwanzilishi binafsi, kwa kuwa wakati wa kununua kiwanja chama kilikuwa hakijasajiliwa, na mzee huyo akakubali kwa nia njema kabisa jina lake litumike. Kama yu hai, mfuateni sasa mkiwa na wakili na muhtasari wa kikao, ili uhamisho wa umiliki ufanyike kwa amani. Akifariki kabla ya hapo, kiwanja kitaingia katika mirathi, na warithi ambao hawakuwahi kuingia darasani hapo watakuwa na haki ya kuuliza maswali. Kuna shule nyingine ambazo kiwanja chake kilitolewa kwa mdomo mbele ya wazee wa kijiji, bila maandishi yoyote zaidi ya barua ya mtendaji. Hizo zianzie kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na zisizungumzie sherehe kwanza.

Jina likiwa la wadhamini, hakikisheni kwamba orodha ya wadhamini iliyopo RITA inalingana na watu waliopo. Wadhamini hufariki, huhama, hustaafu, na mara nyingi taarifa za mabadiliko hazipelekwi. Benki au Msajili wa Hati akidai saini za wadhamini na lakiri yao, yaani muhuri wao rasmi, saini ya mtu ambaye hayumo katika orodha haitafaa kitu. Someni pia masharti yaliyoandikwa kwenye cheti cha usajili wa wadhamini, kwa kuwa cheti kinaweza kuweka sharti kuhusu kumiliki au kushughulikia ardhi.

Hatua ya pili: ombeni salio la kumalizia, kwa maandishi

Mwezi mmoja au miwili kabla ya marejesho ya mwisho, mwandikieni meneja wa tawi mkiomba taarifa ya salio la kumalizia mkopo hadi tarehe mtakayoitaja ninyi. Msitegemee ratiba ya marejesho mliyopewa siku ya kusaini mkataba, kwa sababu kila mwezi mliochelewa uliongeza riba na pengine adhabu, na mabadiliko yoyote ya kiwango cha riba yaliyofanyika katikati hayamo katika ratiba hiyo. Ulizeni pia kama kulipa kabla ya muda kuna gharama. Mhasibu wa shule alinganishe taarifa ya benki na vitabu vyake mstari kwa mstari, na tofauti yoyote, hata kama ni ndogo, itatuliwe kabla ya kulipa. Deni la shilingi elfu kumi lililosahaulika linaweza kuzuia hati kutolewa sawasawa na deni la milioni kumi.

Mkishalipa, fungeni agizo la kudumu la kukata fedha kwenye akaunti ya shule, jambo ambalo husahaulika kiasi kwamba nimeona shule ikiendelea kukatwa kwa miezi miwili baada ya deni kwisha. Kisha dai barua rasmi ya benki inayosema kwamba mkopo wenye namba fulani umelipwa wote, pamoja na riba na gharama zake. Barua hiyo itawafaa pia mtakapoangalia kumbukumbu zenu katika taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, ambako mkopo unapaswa kuonekana umefungwa.

Hatua ya tatu: ondoeni rehani katika daftari

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na haiishii benki. Barua ya kumaliza deni inathibitisha kwamba hamdaiwi, lakini haiondoi rehani. Kinachoiondoa ni hati maalumu ya kuondoa rehani, ambayo mkopeshaji anawajibika kuitoa baada ya kulipwa, ikasainiwa na kutiwa lakiri na watu wa benki wenye mamlaka hayo, kisha ikasajiliwa na Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Siku hizi huduma hizi zinapatikana katika ofisi za ardhi za mikoa, hivyo shule ya Mbeya au Kagera haina haja ya kumtuma mtu Dar es Salaam au Dodoma kwa ajili hiyo.

Fanyeni kazi hii kwa barua na kwa orodha. Siku mnayolipa, kabidhini benki barua yenye mambo yote mnayoyadai, na mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Katika barua hiyo ombeni hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa kikamilifu, hati miliki halisi, nakala za mkataba wa rehani, na dhamana nyingine zote zilizowekwa pamoja nayo. Neno "zote" lina uzito, kwa sababu mikopo ya shule mara nyingi huwa na dhamana za pembeni ambazo bodi ya sasa haizijui: kadi ya basi la shule, amana ya muda maalumu, rehani ya vifaa, na zaidi ya yote udhamini wa watu binafsi. Tafuteni mkataba wa mkopo wa awali na kuusoma wote.

Kuhusu udhamini wa watu binafsi nitasema zaidi kidogo. Katika shule nyingi kulikuwa na mwenyekiti au mzazi mmoja ambaye, benki ilipokataa kiwanja peke yake, alitoa hati ya nyumba yake anayoishi na familia yake. Mtu huyo amelala miaka minane au kumi akijua kwamba shule ikishindwa, watoto wake watalala nje. Rehani ya nyumba yake nayo inapaswa kuondolewa katika daftari, kwa hati yake tofauti na kwa usajili wake tofauti, na gharama za kazi hiyo zinapaswa kulipwa na shule, si na yeye. Nimeona bodi ikifuatilia hati ya shule kwa bidii kisha ikamwambia mdhamini "nenda benki watakupa yako". Ni aibu ambayo haifutiki kwa kumpa mdhamini huyo kiti cha mbele siku ya sherehe.

Benki ikichelewa, andikeni tena, na safari hii nakala ipelekwe makao makuu. Ikichelewa zaidi, wakili aandike. Kama hati halisi imepotea mikononi mwa benki, jambo linalotokea kuliko watu wanavyodhani, dai maelezo ya maandishi kutoka kwa benki yenyewe na gharama za kupata hati mbadala ziwe juu yao. Utaratibu wa hati mbadala huhitaji kiapo mbele ya kamishna wa viapo, taarifa kwa umma na subira, kwa hiyo ni bora kugundua upotevu huo mapema kuliko wiki moja kabla ya kuwaalika watu.

Baada ya usajili, ombeni upekuzi rasmi. Upekuzi ni taarifa inayotolewa na ofisi ya Msajili ikionyesha mmiliki, namba ya hati, na kila kilichoandikwa dhidi ya kiwanja hicho. Unagharimu kiasi kidogo ukilinganisha na uzito wake. Karatasi hiyo ikirudi bila rehani na bila zuio, hapo ndipo mwenyekiti anaweza kuiita kamati ya sherehe.

Hatua ya nne: angalieni kiwanja chenyewe

Madeni ya kiwanja si ya benki tu. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na shule iliyokuwa ikihangaika na marejesho mara nyingi huwa imeiacha nyuma. Ombeni ankara ya miaka yote, mpate kumbukumbu namba ya malipo, lipeni, na kuhifadhi stakabadhi. Kama shule inadhani ina msamaha kwa kuwa ni ya taasisi ya dini au ya hisani, iwe na barua ya msamaha huo mkononi, kwa sababu dhana haikubaliki kaunta. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, na shule zenye mita kadhaa katika eneo moja zichunguze kama hazikatwi zaidi ya inavyostahili.

Halafu tembeeni mipaka. Bodi nzima, pamoja na mpima ardhi ikiwezekana, izunguke eneo ikiwa na ramani ya upimaji na kutafuta mawe ya mipaka, yaani bikoni, moja baada ya jingine. Katika miaka ya deni, majirani hujenga vibanda, njia za mkato hugeuka barabara, na uwanja wa mpira huliwa hatua kwa hatua. Wakenya wanalikumbuka tukio la tarehe 19 Januari 2015, wakati wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipokuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta, wakauangusha, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Picha za watoto waliovaa sare wakikimbia moshi zilizunguka dunia, na ndipo suala la shule zisizo na hati likazungumzwa kwa sauti kubwa nchini humo. Ukuta wa Lang'ata ulionekana na kila mtu. Kibanda cha jirani kinachosogea nusu mita kila msimu hakionekani na yeyote mpaka kipimwe.

La mwisho katika hatua hii ni matumizi. Hati iliyotolewa kwa makazi, ambayo juu yake pamejengwa madarasa kumi na mbili na bweni, ina kasoro hata kama haina rehani. Maombi ya kubadilisha matumizi hupelekwa kwa mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri, kwa kufuata Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Vilevile kusanyeni vibali vya ujenzi vya kila jengo, maana vitahitajika siku mtakayotaka kupanua.

Hatua ya tano: amueni mapema nani anaweza kuirudisha rehani

Hati safi ina mvuto wake. Ndani ya mwaka mmoja atakuja mtu na wazo la bweni jipya, basi la pili au tawi la sekondari, na njia ya haraka itakuwa kuipeleka hati kulekule ilikotoka. Sisemi kwamba mkopo ni mbaya, kwa kuwa pasipo mkopo shule nyingi zisingekuwapo. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo usiachwe mikononi mwa watu watatu wenye lakiri. Fanyeni mkutano mkuu kabla ya sherehe, na mrekebishe katiba ya taasisi ili ardhi ya shule isiuzwe wala kuwekwa rehani bila kura ya theluthi mbili ya wanachama katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo tu. Marekebisho hayo yapelekwe kwa msajili anayehusika, yasibaki kwenye daftari la mihtasari.

Taasisi za Kiislamu zina njia nyingine iliyokomaa kwa karne nyingi, nayo ni kuiweka mali kuwa wakfu, ambapo asili ya mali haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake hutumika kwa lengo lililotajwa na mwenye kuwakifu. Zanzibar mali za namna hiyo husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Anayetaka njia hii apate ushauri wa mwanasheria na wa wanazuoni kwa pamoja kabla ya kutamka wakfu, maana ukishatamkwa haurudishwi.

Hati halisi isikae kwenye droo ya mwalimu mkuu, wala nyumbani kwa mwenyekiti hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Iwekwe katika hifadhi salama ya benki kwa utaratibu wa kutunza tu, na masharti yaeleze kwamba itatolewa kwa saini za watu wasiopungua watatu. Nakala zilizothibitishwa na wakili zikae ofisini, RITA kama inahitajika, na kwa wadhamini. Bima ya moto ya majengo, ambayo wakati wa mkopo ilikuwa ikiitaja benki kuwa mnufaika wa kwanza, iandikwe upya kwa jina la mmiliki, na kwa vyovyote isiachwe ikafa kwa sababu hakuna tena benki inayoidai kila mwaka.

Hatua ya sita: andaeni hesabu zitakazosomwa

Sherehe ya namna hii inatofautiana na mahafali kwa jambo moja: watu waliokuja ni wale waliolipa. Wana haki ya kujua walilipa kiasi gani. Mhazini aandae taarifa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, inayoonyesha kiasi kilichokopwa, mwaka wa mkopo, riba yote iliyolipwa, adhabu kama zilikuwapo, na vyanzo vya fedha, yaani ada, michango, misaada na miradi ya shule. Msiifiche riba. Mzazi akisikia kwamba majengo yaligharimu karibu mara mbili ya kiasi kilichokopwa, ataelewa kwa nini kiyoyozi cha chumba cha kompyuta hakikununuliwa, na ataelewa pia uzito wa ile kura ya theluthi mbili.

Pamoja na fedha, orodhesheni nguvu kazi na vifaa. Kule Kilimanjaro na Tanga kazi ya pamoja huitwa msaragambo, na siku za msaragambo zilizotumika kuchimba misingi, kubeba mawe na kumwaga zege ni mtaji kama mtaji mwingine. Tafuteni madaftari ya zamani, waulizeni mafundi na walinzi wa mwanzo, na mwandike tripu za mchanga, mifuko ya saruji na bati zilizotolewa na watu ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa popote. Ni kazi ya kuchosha, na majina mengine yatasahaulika. Kwa sababu hiyo kibao cha kumbukumbu kisiwe na majina ya wachangiaji wakubwa tu. Mimi napendelea kibao chenye maneno machache na tarehe, na daftari kubwa la majina likawekwa maktaba ambako jina lililosahaulika linaweza kuongezwa.

Hatua ya saba: sherehe yenyewe

Chagueni siku ambayo haigongani na mitihani. Septemba ni ya darasa la saba, na Novemba ni ya kidato cha nne, na katika vipindi hivyo hata zoezi la kwaya linawanyima watahiniwa utulivu. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi, na barua za mwaliko kwa viongozi zipelekwe mapema ili itifaki isiwachanganye dakika za mwisho.

Bajeti ndiyo inayoharibu sherehe nyingi. Mazoea yetu ya kamati za harusi yameingia hadi shuleni, na kadi za mchango huanza kuzunguka kabla wazazi hawajapumua kutoka kwenye deni lenyewe. Ninapendekeza kipimo kimoja: gharama zote za siku hiyo zisizidi rejesho la mwezi mmoja la mkopo uliokwisha. Msikope kwa ajili ya kusherehekea kumaliza kukopa. Wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa mchango wa sherehe. Shule itakayofanya hivyo imesahau jengo hilo lilijengwa kwa ajili ya nani.

Katika ratiba, wekeni mambo mazito mwanzoni wakati watu wako macho na jua halijawa kali. Dua au sala, kisha taarifa ya mhazini, kisha upekuzi usomwe kwa sauti, namba ya hati na jina la mmiliki, ili kila mzazi asikie kwa masikio yake kwamba hakuna rehani. Hapo ndipo mahali pa kumrudishia mdhamini binafsi hati ya nyumba yake, akiridhia, maana wengine hawapendi watu wajue waliweka nini. Kama anaridhia, mpeni nafasi aseme maneno machache, na msimwekee muda. Hotuba za viongozi zifuate, fupi. Michezo na nyimbo za wanafunzi zifuate baada ya hapo, na watoto wakae kivulini na wapewe maji.

Huko Marekani makanisa na shule zina desturi ya kuchoma moto mkataba wa rehani mbele ya watu siku deni linapokwisha, na Watanzania walioishi huko wameanza kuipendekeza katika kamati zetu. Sina ugomvi nayo, mradi kinachochomwa ni fotokopi. Mkataba halisi, barua ya benki na hati ya kuondoa rehani ni vielelezo ambavyo huenda vikahitajika mahakamani au katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya miaka ishirini ijayo, wakati sisi sote tulioshuhudia moto huo hatupo. Binafsi ningependa zaidi mwanafunzi mdogo kuliko wote na fundi mzee kuliko wote wapande mti pamoja karibu na bikoni ya kona, ili mpaka uwe na shahidi anayeota mizizi.

Hatua ya nane: Jumatatu inayofuata

Swali la kwanza la wazazi litakuwa kama ada itapungua, na bodi inapaswa kuwa na jibu kabla ya kuulizwa. Kiasi kilichokuwa kikienda benki kila mwezi kisiyeyuke katika matumizi ya kawaida, jambo linalotokea ndani ya muhula mmoja kama hakuna azimio. Gaweni kwa azimio la maandishi: sehemu iende mfuko wa matengenezo, kwa kuwa majengo yaliyojengwa mwanzoni mwa mkopo sasa yana paa linalovuja na nyaya zilizochakaa, sehemu ipunguze ada au iwasaidie watoto wa familia zisizo na uwezo, na sehemu iwekwe akiba kwa ajili ya jengo lijalo, ili mkopo ujao, kama utakuwapo, uwe mdogo. Uwiano wake mtaujua wenyewe, lakini mimi nisingeuweka mfuko wa matengenezo chini ya theluthi moja.

Katibu afungue rejesta ya mali ya shule yenye kurasa za kutosha miaka ishirini, na katika ukurasa wa kwanza aandike namba ya hati, tarehe ya kuondolewa rehani, mahali hati inapohifadhiwa, majina ya wenye saini, mwaka ambao muda wa hati utakwisha, tarehe ya kulipa kodi ya pango na tarehe ya kuhuisha bima. Chini yake aandike tarehe ya upekuzi ujao, ambao nashauri ufanywe kila mwaka mwezi uleule, na matokeo yake yasomwe katika mkutano mkuu kabla ya ajenda ya hesabu.